SAA KATIKA UKURASA WA TOVUTI: KUIBANDIKA, KUIREKEBISHA NA KUIFUNDISHIA

Utangulizi

Makala haya yamekusudiwa wanachuo wanaojiandaa kufundisha katika shule za msingi. Baadhi ya shule zetu sasa zina kompyuta, hata kama ni moja tu iliyo katika ofisi ya mwalimu mkuu, na nyingine zina ukurasa wa tovuti wa kutolea matangazo. Mwalimu anapoanza kuutengeneza ukurasa huo, saa huwa miongoni mwa vitu vinavyomvutia. Huipata bila taabu, huibandika, huona tarakimu zikibadilika, naye huridhika.

Twaona kwamba hapo ndipo kazi inapoanza. Mtoto wa Darasa la Tatu amefundishwa na mama yake kwamba kengele ya shule hulia saa moja na nusu asubuhi. Anapoutazama ukurasa wa shule yake anakuta pameandikwa 7:30. Akikua kidogo atasoma tangazo lisemalo kwamba mtihani utaanza "saa 2:00", naye ana simu ya kaka yake ambayo saa mbili asubuhi huandika 8:00, na saa nane mchana huandika 2:00 au 14:00. Asiyejua daraja baina ya hesabu hizi mbili aweza kufika mtihani umekwisha. Aweza pia kulikosa basi, au kufika zahanati baada ya mganga kuondoka. Saa isomwayo vibaya ina gharama yake, na mwalimu wa shule ya msingi ndiye wa kwanza kuweza kuizuia.

Kwa hiyo tutaeleza namna ya kuweka saa katika ukurasa, mambo ya kuamua wakati wa kuirekebisha, hesabu iliyo ndani yake, na jinsi ya kuitumia darasani.

Hesabu mbili za saa

Hesabu ya Kiswahili huanza na mapambazuko. Saa ya kwanza ya mchana ikiisha twasema saa moja. Jua likiwa juu twasema saa sita. Likitua, saa kumi na mbili. Kisha hesabu huanza upya kwa usiku. Hesabu hii yaafikiana na nchi zilizo karibu na Ikweta, ambako urefu wa mchana haubadiliki sana. Dar es Salaam, kwa mfano, mchana mrefu kuliko yote katika mwaka haupishani na mfupi kuliko yote hata kwa saa nzima. Hesabu ya kimataifa, ambayo ndiyo imo katika simu na kompyuta, huanza katikati ya usiku.

Tofauti baina ya mianzo hiyo miwili ni saa sita. Uso wa saa una saa kumi na mbili, na sita ni nusu ya kumi na mbili. Kwa sababu hiyo saa ya Kiswahili hukaa daima ng'ambo ya pili ya tarakimu inayoelekezwa na mshale mfupi. Mshale ukiwa kwenye 7, ng'ambo yake ni 1. Ukiwa kwenye 10, ng'ambo yake ni 4. Ukiwa kwenye 12, ng'ambo yake ni 6. Mtoto hahitaji kujumlisha wala kutoa: atazame tu upande wa pili wa duara.

Tunda hili hupatikana katika saa ya mishale peke yake. Saa ya tarakimu haina ng'ambo, na mtoto anayeitumia hiyo tu hulazimika kukariri jozi zote kumi na mbili. Hii ndiyo hoja kubwa ya makala haya: kuchagua sura ya saa ni uamuzi wa kufundisha, na haufai kuachiwa rangi au urembo.

Njia mbili za kuweka saa

Njia ya kwanza ni kubandika saa iliyokwisha kutengenezwa. Zipo tovuti zinazotoa saa za namna hii, ambazo wataalamu huziita wijeti. Mwalimu huchagua sura, mji, ukubwa na rangi. Kisha tovuti humpa mistari michache ya msimbo, naye huinakili na kuiweka mahali anapotaka saa ionekane. Aghalabu msimbo huo hufungua kidirisha ndani ya ukurasa, na ndani ya kidirisha saa yenyewe huletwa kutoka kwenye seva ya mwenye tovuti.

Njia hii ni ya haraka, lakini ina masharti yake. Pasipo intaneti kidirisha hubaki kitupu. Mwenye tovuti akiifunga huduma yake, saa hutoweka. Aweza kuambatanisha matangazo ya biashara ambayo mwalimu hakuyachagua. Tena kila mtoto anapoufungua ukurasa, kompyuta yake hupeleka ombi kwa seva hiyo ngeni, na seva yaweza kuweka kumbukumbu ya ombi hilo. Shule inayowalinda watoto wake yapaswa kulipima jambo hili kabla ya kubandika chochote.

Njia ya pili ni kuitengeneza saa wenyewe kwa lugha ya JavaScript, ambayo vivinjari vyote vya kawaida huielewa. Kazi hii si ngumu kama inavyodhaniwa. Ukurasa wa tovuti ni faili la maandishi tu. Hauhitaji intaneti ili ufunguke. Mwalimu aweza kuliandika faili hilo, kulihifadhi katika kidiski cha mkononi, na kulifungua katika kompyuta yoyote yenye kivinjari, hata iliyo kijijini kusikofika mtandao. Kwa shule zetu sisi twaipendekeza njia hii, ijapokuwa mwanachuo aweza kuanza na ile ya kwanza ili apate mazoea.

Mambo matano ya kuamua

Iwe saa imebandikwa au imetengenezwa, mwalimu hana budi kuamua mambo yafuatayo.

1. Ukanda wa saa. Saa nyingine hufuata wakati wa kifaa cha mtazamaji. Mzazi aliyeko Muscat, ambako saa hutangulia yetu kwa saa moja, ataona wakati wa Muscat. Aliyeko London ataona wakati ulio nyuma ya wetu kwa saa tatu katika majira ya baridi na saa mbili katika majira ya joto. Ukurasa wa shule huzungumzia mambo ya shule, kwa hiyo saa yake iwe ya mahali shule ilipo. Katika orodha ya kanda tutafute jina la Africa/Dar_es_Salaam au Africa/Nairobi. Zote mbili hutoa wakati mmoja wa Afrika Mashariki, nao hausogezwi kwa majira.

2. Sura. Tuchague mishale, kwa sababu tuliyokwisha kuieleza. Tarakimu zaweza kuandikwa chini ya uso kwa maandishi madogo, zitumike baadaye kusahihishia.

3. Duara la ndani. Wako wanaopendekeza kuupindua uso mzima, ili 12 ikae chini na 6 ikae juu. Mshale mfupi utasomeka vyema kwa Kiswahili, lakini mshale mrefu utavurugika: dakika sifuri itakuwa mahali palipoandikwa 6, na mtoto aliyejifunza kuhesabu dakika kwa tano tano atapotea. Lililo bora ni kuuacha uso wa kawaida kama ulivyo, kisha kuongeza duara la pili ndani yake lenye saa za Kiswahili: chini ya 7 tuandike 1, chini ya 8 tuandike 2, na kuendelea. Mshale mfupi husomwa kwa duara la ndani, mshale mrefu kwa duara la nje.

4. Sehemu ya siku. Uso wa saa hauonyeshi kama ni saa mbili za asubuhi au za usiku. Tuongeze neno: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku. Neno hilo liwe lile linalosemwa na watu wa mahali pale, maana baadhi ya watu husema alasiri pale wengine wasemapo mchana. Kuchagua Kiswahili katika mipango ya kifaa hakutoshi. Kwa kawaida maneno hubadilika, lakini hesabu hubaki ileile ya kimataifa.

5. Mshale wa sekunde. Huu huvuta macho ya watoto na kuwasahaulisha ile mingine miwili. Tuufiche, tuuonyeshe siku ya kufundisha sekunde.

Hesabu iliyo ndani

Mwalimu atakayeelewa hesabu ataweza kuirekebisha saa yoyote. Kompyuta huhifadhi wakati wa ulimwengu, unaoitwa UTC, ambao takriban ni wakati wa Greenwich huko Uingereza. Mwaka 1884 mkutano wa mataifa uliofanyika Washington, Marekani, ulikubali mstari wa longitudo upitao Greenwich uwe mwanzo wa kuhesabia. Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa saa. Wakati wa Afrika Mashariki umetangulia UTC kwa saa 3, kwa hiyo ni wakati wa mstari wa nyuzi 45 mashariki, ambao hupita karibu na Mogadishu.

Ili kupata saa ya Kiswahili kutokana na UTC tuongeze 3 za ukanda, kisha 6 za hesabu ya Kiswahili. Jumla ni 9. Matokeo tuyagawe kwa 12, na baki ndilo jibu. Baki likiwa sifuri, tuandike 12. Mifano:

UTC 4: 4 + 9 = 13; baki ni 1. Saa moja asubuhi.
UTC 9: 9 + 9 = 18; baki ni 6. Saa sita mchana.
UTC 15: 15 + 9 = 24; baki ni 0. Saa kumi na mbili jioni.
UTC 21: 21 + 9 = 30; baki ni 6. Saa sita usiku.

Mfano wa pili na wa nne vina baki moja, lakini mmoja ni mchana na mwingine ni usiku. Ndiyo sababu neno la sehemu ya siku haliwezi kupatikana kwa baki la 12. Tulitafute kwa kuongeza 3 katika UTC na kugawa kwa 24. Baki 12 ni mchana, na baki 0 ni usiku. Kule Burundi na Rwanda, ambako wakati umetangulia UTC kwa saa 2 tu, mahali pa 9 tungeweka 8, na mahali pa 3 tungeweka 2.

Katika JavaScript amri getUTCHours huleta saa ya UTC, na getUTCMinutes huleta dakika. Amri setInterval ikipewa namba 1000 huirudia kazi kila baada ya milisekunde 1000, yaani sekunde moja, ili mishale isikwame.

Mishale huhitaji nyuzi, zinazohesabiwa kuanzia 12 kwenda kulia. Mshale mrefu husogea nyuzi 6 kwa kila dakika. Mshale mfupi husogea nyuzi 30 kwa kila saa ya kimataifa, na nusu ya uzi kwa kila dakika. Saa moja na nusu asubuhi ni 7:30, kwa hiyo mshale mfupi uko kwenye 7 × 30 + 15, yaani nyuzi 225, katikati ya 7 na 8. Ile nusu ya uzi isisahauliwe. Katika baadhi ya saa zilizotengenezwa kwa haraka mshale mfupi hung'ang'ania 7 mpaka dakika zote 60 ziishe, kisha huruka kwenye 8. Saa ya namna hiyo haifai kufundishia, kwa sababu mtoto hawezi kuona kwa nini 7:45 huitwa saa mbili kasorobo. Lazima auone mshale ukikaribia saa mbili.

Kuipima saa kabla ya kuitumia

Saa ya ukurasa hutegemea saa ya kompyuta, na saa ya kompyuta yaweza kukosea. Katika kompyuta kuukuu, betri ndogo inayoilinda saa ikiisha, wakati hurudi nyuma miaka mingi kila inapozimwa. Lipo pia kosa lililojificha zaidi. Tuseme kompyuta imeletwa kutoka Uingereza katika majira ya baridi, ukanda wake ukiwa bado London, na mtu amesogeza saa mbele ili isomeke sawa. Saa mbili asubuhi kompyuta huonyesha 8:00, nayo hudhani kwamba UTC ni 8, hali kwa kweli ni 5. Saa yetu itajumlisha 8 na 9, ipate 17, nayo itaandika saa tano. Ukiona saa imepotea kwa saa tatu kamili, usiuguse msimbo. Kautazame kwanza ukanda wa kompyuta.

Kipimo kingine ni jua, nacho chafaa kwa wanafunzi wakubwa kidogo. Simamisheni kijiti uwanjani, mkaweke alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika kumi. Kivuli kilicho kifupi kuliko vyote huonyesha kwamba jua limefika katikati ya safari yake. Dar es Salaam, iliyo karibu na nyuzi 39 mashariki, jambo hilo hutokea kwa wastani dakika 23 hivi baada ya saa sita. Kigoma, isiyofika nyuzi 30, hutokea kama saa saba. Kwa siku fulani za mwaka wakati huo husogea mbele au nyuma kwa dakika kadhaa, hadi kama 16. Mtoto wa Kigoma asiambiwe kwamba saa imekosea, wala kwamba jua limechelewa. Aelezwe kwamba nchi nzima imekubaliana kutumia wakati mmoja, ili treni, redio na mitihani viwe na saa moja.

Mfano wa somo: Darasa la Tatu, dakika 40

Vifaa: uso wa saa uliokatwa katika boksi, wenye mishale miwili na duara mbili, kompyuta moja au simu moja yenye ukurasa wa saa, ubao na chaki.

Hatua ya kwanza. Mwalimu awaulize watoto wanafanya nini saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane mchana na saa mbili usiku. Ayaandike majibu yao ubaoni kwa maneno yao wenyewe. Hesabu waliyokuja nayo kutoka nyumbani iheshimiwe, maana juu yake ndipo tutajenga.

Hatua ya pili. Kwa uso wa boksi, watoto waweke mshale mfupi kwenye 7, wataje tarakimu ya ng'ambo, kisha waihakikishe kwa duara la ndani. Warudie kwa 9, 12 na 3.

Hatua ya tatu. Waje kwenye kompyuta kwa vikundi. Kila kikundi kisome saa ya wakati ule kwa Kiswahili, kisha kwa hesabu ya kimataifa. Hapa saa ya ukurasa huishinda ya ukutani: mwalimu aweza kulificha duara la ndani kwa kubonyeza. Wanaohitaji msaada walione. Waliokwisha kuelewa wasome bila hilo.

Hatua ya nne. Mwalimu aandike tangazo: "Chanjo itatolewa kesho kuanzia 9:00 hadi 11:00 asubuhi." Kila mtoto aandike katika daftari lake saa atakayomwambia mama yake. Jibu ni saa tatu hadi saa tano asubuhi. Atakayeandika saa tisa atakuwa ametuonyesha mahali pa kurudia.

Maswali ya wanachuo

1. UTC ikiwa 18, ni saa ngapi kwa Kiswahili, na ni sehemu gani ya siku?
2. Tafuta nyuzi za mshale mfupi saa tano na robo asubuhi.
3. Uandike upya, bila utata, ujumbe huu wa shule: "Kikao cha wazazi ni saa 8:00."
4. Taja sababu mbili za kutobandika saa ya tovuti ngeni katika ukurasa wa shule ya msingi.

Hitimisho

Saa ya ukurasa yaweza kubandikwa kwa dakika tano na mtu asiyejua lolote juu yake. Mwalimu atakuwa tofauti na mtu huyo kwa kuwa ataeleza kwa nini amechagua mishale, kwa nini ameweka duara mbili, na kwa nini amejumlisha 9. Tunawasihi wanachuo watengeneze saa hii kabla ya kwenda mazoezi ya kufundisha, waipime kwa redio na kwa kivuli cha kijiti, na waende nayo katika kidiski. Wakikuta shule isiyo na umeme, uso wa boksi wenye duara mbili utatosha kwa hatua mbili za kwanza na ile ya nne.